Chuma Kisichofanana na Kitu

Nchi ninayotaka kuisimulia haimo katika ramani uliyoibandika ukutani kwako, kwa hiyo usijisumbue kuitafuta. Na kama utaiona, nakusihi, usimwambie mtu. Inaitwa Jamhuri ya Shwari. Ni nchi ya amani. Nasema hivyo kwa sababu nilifanya kazi miaka kumi na tisa katika Wizara ya Utulivu, na kazi yetu ilikuwa kuhakikisha kila mtu anasema hivyo.

Mimi naitwa Hamdani Kilozo. Nilikuwa karani. Sikumpiga mtu hata kofi moja, hilo nilitangulize. Waliopiga walikuwa na magwanda yao na vyumba vyao. Mimi niliandika barua. Mama akija kumuulizia mwanawe aliyebebwa na karandinga letu, mimi ndiye niliyemjibu: "Baada ya uchunguzi wa kina, Wizara inapenda kukufahamisha kuwa mtu uliyemtaja hayupo, na hakuwahi kuwepo. Wako katika utulivu." Kisha napiga muhuri. Nilikuwa na mwandiko mzuri sana. Hata waliokuwa wakilia walikiri.

Mwaka ule tulihamia jengo jipya. La zamani lilikuwa la ghorofa nne, na watuhumiwa walikuwa wakianguka ngazi kila wiki, wengine wakianguka kwa kichwa na wengine kwa mbavu. Jambo hilo lilimhuzunisha mno Waziri wetu, Mheshimiwa Bulengo Mtandika. Kwa huruma yake akaamuru jengo jipya liwe la chini, lisilo na ngazi hata moja. Watuhumiwa waliendelea kuanguka ngazi vilevile. Wataalamu walisema ni mazoea.

Lilibaki jambo moja tu: pambo la mbele ya jengo.

Mheshimiwa alikuwa amerudi kutoka nchi za baridi, na huko aliona ajabu iliyomkosesha usingizi.

"Ndugu zangu," alituambia kikaoni, "wenzetu mbele ya kila ofisi ya serikali wameweka chuma. Chuma tu! Hakina kichwa, hakina miguu. Raia anapita, anakitazama, hakielewi, anajiona mjinga, anakwenda nyumbani kimya. Huo ndio utulivu! Sisi tunahangaika na virungu wakati wenzetu wanatumia sanaa!"

Tulipiga makofi mpaka akatuomba tuache, na tulipoacha akatuuliza kwa nini tumeacha.

Lakini sisi na sanaa tulikuwa na historia mbaya. Mchoraji mmoja alituchorea mbuzi ukutani, raia wakasema anafanana na mama mkwe wa Waziri. Mchoraji akaanguka ngazi. Aliyefuata alichonga kichwa cha Mtukufu Rais, na kikafanana naye mno, kila kidevu mahali pake. Yeye alianguka ngazi mara mbili. Kwa hiyo Bunge likakaa dakika kumi na moja na kupitisha Sheria ya Kutofanana. Sanaa yoyote ya mbele ya jengo la serikali isifanane na kitu chochote, na yeyote atakayetamka kuwa inafanana na kitu ametenda kosa la kufananisha. Adhabu yake ni kifungo cha miaka saba, pamoja na ngazi.

Wasanii wasomi wote walikuwa wamekwisha kimbia au kuanguka. Mimi nikatumwa nikatafute mtu anayejua chuma na asiyejua sanaa.

*

Nilimpata nyuma ya soko la Kwa Mkunduge. Aliitwa Nyamizi Machibya, fundi wa kuchomelea, mwanamke wa miaka thelathini na minane, mikono imejaa makovu ya cheche. Alikuwa akitengeneza mageti na magrili ya madirisha. Kicheko chake kilikuwa cha kuchelewa, hukuja baada ya wenzake kumaliza kucheka.

"Dada," nikamwambia, "Wizara inakuhitaji. Unaweza kutengeneza kitu kisichofanana na kitu?"

"Kaka karani, wateja wangu wote hulalamika kuwa nilichowatengenezea hakifanani na walichoagiza. Nadhani naweza."

Nikamwandikia barua ya uteuzi palepale. Aliitazama bila kuisoma.

"Mwandiko huu naujua," akasema.

"Naandikia watu wengi."

"Miaka miwili iliyopita uliniandikia kuhusu mume wangu. Malongo Machibya, kibarua wa reli. Ulisema hakuwahi kuwepo."

Nilifikiri kama nimripoti. Nikaona haina haja. Mtu ambaye hakuwahi kuwepo hawezi kuacha mke, na kwa kumbukumbu za Wizara huyu alikuwa mwanamke huru, asiye na kinyongo na serikali. Nikamgongea muhuri.

"Mna chuma gani?" akauliza.

Tulikuwa na milango arobaini ya mahabusu ya jengo la zamani, imerundikwa uani. Waziri alifurahi alipoambiwa itatumika. Akasema hilo ni jambo la kizalendo, kwani milango ile ilikuwa na uzoefu.

*

Alifanya kazi wiki saba, uani kwetu, nyuma ya turubai. Mimi niliwekewa kigoda nimsimamie. Kila Ijumaa niliandika ripoti ya neno moja: "Hakijafanana."

Wiki ya pili nilimkuta amezima mashine, amepiga magoti, anapapasa upande wa ndani wa mlango kwa ncha za vidole.

"Njoo usome, wewe msomi. Macho yangu yameharibiwa na mwanga wa kuchomelea."

Nikainama. Kulikuwa na mikwaruzo ya msumari. Athumani Chilewa. Pili wa Mzee Nguku. Mbaraka, nisalimieni mama.

"Hiyo ni kutu," nikamwambia.

"Kutu imeanza shule lini?"

Akaniomba nimsomee yote, mlango baada ya mlango. Nilimsomea. Usinielewe vibaya, nilimsomea kwa sababu ya uvivu wa mchana, kigoda kilikuwa kigumu na sikuwa na gazeti. Kila jina nililosoma alilirudia mara tatu huku amefumba macho, kama mwanafunzi wa chuoni anayehifadhi sura za Kurani. Siku iliyofuata aliniuliza kazi zao na siku walizochukuliwa, na mimi, ambaye niliwaandikia ndugu zao barua, nilikumbuka wengi. Kumbukumbu yangu ni nzuri, ndiyo maana nilipandishwa cheo.

Kwenye mlango wa thelathini na moja hakuningoja nisome. Alipapasa, akarudia kupapasa, kisha akakaa chini kwenye vumbi la chuma.

"Kaka karani. Barua yako ilikuwa ya tarehe sita."

"Inawezekana."

"Kwamba hakuwahi kuwepo."

"Ndiyo maneno tunayotumia."

"Hapa amejiandika mwenyewe. Tarehe tisa."

Nikamweleza kwamba serikali yenye mipango huandika barua kabla ya tukio, isije ikachelewa. Alinitazama kwa muda mrefu. Sikuwahi kutazamwa vile. Waliokuja dirishani kwangu walikuwa wakitazama barua. Kisha akashusha kinyago chake cha kuchomelea, akawasha mashine, na cheche zikaniruka kwenye suruali mpaka nikahama.

*

Kazi ilipokwisha ikaja Kamati ya Kutofanana, ikiongozwa na Profesa Ligembe, mtu aliyesomea kila kitu isipokuwa alichokuwa akikifanya. Chuma kilisimama urefu wa watu wawili. Milango ilikunjwa, ikapishana, nondo zimetokeza huku na huku, na sehemu ya juu imeelemea mbele. Kamati ilikizunguka siku tatu na vitabu vya picha.

Siku ya pili mjumbe mmoja akasema, bila kufikiri, "Kwa upande huu kama jembe hivi." Walinzi wakamtoa ukumbini. Tulisikia viti vikivunjika, kisha kitu kingine kisicho kiti. Aliporudi hakuwa na meno ya mbele, akakiri kwa kuandika kwamba hajawahi kuona jembe maishani mwake.

Cheti kikatoka: "Kamati imekilinganisha chuma hiki na vitu elfu mbili na mia nne, kuanzia abakusi hadi zumari, na imeridhika pasi na shaka kuwa hakifanani na chochote kilichopo, kilichokuwepo, wala kitakachoruhusiwa kuwepo."

*

Uzinduzi ulikuwa Jumamosi asubuhi. Watu walipangwa kwa kamba barabarani, watoto wa shule mbele na bendi ya polisi pembeni. Mheshimiwa Mtandika alihutubia saa nzima.

"Wananchi! Tulipopata uhuru hatukuwa na chuma! Leo tunacho! Msijiulize kina maana gani. Maana ni kazi ya serikali! Nyinyi kazi yenu ni kupita!"

Akavuta kamba. Turubai likaanguka.

Ikawa kimya. Waziri akatabasamu, akanong'ona, "Umeona? Hawaelewi." Nami nikaandika kwamba hawaelewi.

Ndipo kapu la mchicha likaanguka. Mwenye kapu alikuwa Bi Mwanaiddi, mama mzee anayeuza mboga mkabala na lango letu.

"Sikudhani!" alipiga kelele. "Jamani, huyo ni Sikudhani wangu! Ndivyo alivyoinama walipompiga mlangoni kwangu! Ameshika tumbo, mtazameni, ameshika tumbo!"

Mwanaume aliyekuwa nyuma yake akasema, "Hapana, bibi, huyo ni kaka yangu. Lile bega ni lake, lilivunjwa likabaki vile." Mwingine akasema ni mkewe. Mwingine alikaa chini akajifunika uso kwa shati.

Watu mia tatu wakatenda kosa la kufananisha kwa wakati mmoja. Hatukuwa na makarandinga ya kutosha.

Virungu vilianza. Bi Mwanaiddi alipigwa mfupa wa bega, nikausikia ukikatika kama kuni. Watu walisukuma kamba wakitaka kukishika chuma, wakikiita kwa majina. Zikapigwa risasi za kutawanya. Amri ilikuwa zipigwe juu, na zilipigwa juu, ila siku hiyo juu palikuwa usawa wa kifua. Bendi iliendelea na wimbo wa taifa, na aliyekuwa akipiga tarumbeta aliendelea kidogo hata baada ya kupigwa shingoni, kwa kuwa alikuwa na nidhamu. Walikufa saba. Mmoja alikuwa msichana mwenye sare ya shule, aliyeshika kibendera.

Gazeti la serikali liliandika kwamba wananchi waliguswa sana na sanaa.

*

Nyamizi alikamatwa jukwaani. Alikabidhiwa kwa Inspekta Kasubi, ambaye sisi tulimwita Mpole, kwa kuwa hakuwahi kupaza sauti wala kumwita mtu bila "tafadhali". Mimi niliketi na karatasi, niandike mahojiano.

Mezani waliweka jiliwa la Nyamizi mwenyewe, kile chuma cha kubania kazi, chenye mkono wa kuzungusha.

"Dada yangu," alisema Inspekta, "tafadhali weka kidole hapa. Ahsante. Chuma chako kinafanana na nani?"

"Hakifanani na mtu."

"Mbona watu wanaona mtu?"

"Waulize walimwona wapi mara ya mwisho."

Inspekta akazungusha mkono. Nikaandika: "Mhojiwa alitoa sauti."

"Tafadhali, kingine. Nani amekutuma?"

"Huyo hapo." Akanionyesha kwa kidevu. "Alinipa na barua."

Inspekta akacheka kwa adabu. Akazungusha. Nikaandika: "Mhojiwa alitoa sauti." Ilipofika adhuhuri nilikuwa nimeyaandika maneno hayo mara sita, na kila mara herufi zilizidi kulala, mpaka mstari wa mwisho nisingeweza kuusoma mwenyewe. Inspekta akautazama.

"Hamdani, ndugu yangu, unaumwa?"

"Kalamu, afande."

"Basi badilisha, tafadhali. Bado mkono wa pili."

Nikabadilisha kalamu. Haikusaidia.

*

Waziri naye hakukaa bure. Aliagiza chuma kipigwe mpaka kiache kufanana. Askari ishirini wakapewa nyundo za kuvunjia mawe. Kila pigo lililia mji mzima, na kwa kila pigo watu wakatoka majumbani, wakaja kusimama ng'ambo ya barabara, wanatazama tu.

Siku ya kwanza kichwa cha nyundo kilichomoka kwenye mpini, kikaruka, kikampata Profesa Ligembe kwenye paji la uso akiwa ameshika cheti chake. Alikufa papo hapo. Ndugu zake walipoletwa wamtambue, walikataa kusema anafanana na nani, kwa kuogopa sheria.

Tatizo ni kwamba chuma kikipigwa huinama, na kila kilivyoinama kilizidi kuwa mtu anayepigwa. Siku ya tatu askari mmoja, Koplo Ndaki, aliketi chini.

"Siwezi, afande."

"Inuka!"

"Huyu ni yule binti wa Jumamosi. Mwenye kibendera. Afande, mimi ndiye niliyempiga. Alinitazama hivihivi."

Sajini akampiga kitako cha bunduki mdomoni. Koplo akainuka na nyundo, akampiga Sajini taya mpaka likahamia upande wa sikio. Wenzake wakagawanyika, nyundo kwa nyundo, pale pale mbele ya raia waliokuja kujifunza utulivu. Walipotulizwa, Koplo Ndaki alikuwa amelala chini ya chuma, kifua kimeingia ndani. Hakuna aliyethubutu kusema wanafanana.

*

Ndipo Waziri alipopata wazo lake kubwa. Aliyekitengeneza ndiye akikane, mwenyewe, kwa kipaza sauti, mbele ya watu wote.

Walimleta Jumatatu alasiri, siku tisa baada ya uzinduzi, amekaa kwenye kiti, kwa sababu hakuweza kusimama. Mikono yote miwili ilikuwa imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko. Barabara ilijaa kutoka lango hadi sokoni.

Waziri akaniambia, "Hamdani, andika kila neno. Na andika jina la kila atakayefungua mdomo."

Nilikuwa na daftari rasmi la Wizara, lenye nembo kila ukurasa.

"Niseme hakifanani?" Nyamizi akamuuliza. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo.

"Sema hakifanani. Rudia mpaka waelewe."

Nikapiga goti kando yake, daftari juu ya paja, nikamshikia kipaza sauti kwa mkono wa kushoto, maana yeye hakuwa na mikono.

"Ndugu zangu," akasema, "Mheshimiwa ameniagiza niwaambie kuwa chuma hiki hakifanani na kitu."

Waziri akapiga makofi.

"Hakifanani na Athumani Chilewa, seremala, aliyechukuliwa kiwandani kwake akiwa na penseli sikioni."

Waziri akapiga makofi.

"Hakifanani na Pili wa Mzee Nguku, aliyekuwa na mimba ya miezi saba. Hakifanani na Mbaraka, mpiga zumari, aliyetaka mama yake asalimiwe. Mama Mbaraka, kama upo, unasalimiwa."

Kwenye umati mwanamke akainua mkono, akaushusha.

Makofi ya Waziri yakapungua, yakawa moja moja. Akamwita mwanasheria wa Wizara. "Hilo si kosa?"

Mwanasheria akafunua sheria. "Mheshimiwa, kosa ni kusema kinafanana. Huyu anasema hakifanani. Kwa kweli, kisheria, ndiye raia mwema kuliko wote waliopo hapa."

Nyamizi hakunyamaza. Mlango wa kwanza ukaisha, wa pili, wa tatu. Hakukosea hata jina moja. Halafu Bi Mwanaiddi, mkono umefungwa kwa kanga, akapaza sauti kutoka ng'ambo: "Wala hakifanani na Sikudhani mwanangu!" Na mwingine: "Wala na kaka yangu Zuberi!" Na mwingine, na mwingine. Askari mmoja kijana kwenye mstari akasema, macho yakiwa chini, "Wala na Koplo Ndaki."

Mimi nikaandika. Ndiyo amri niliyopewa. Niliandika ukurasa baada ya ukurasa, na herufi zangu, sijui kwa nini, zikasimama tena wima. Nilipofika jina la mia mbili nilielewa ninachokifanya. Watu wale wote, ambao mimi mwenyewe niliwaandika kuwa hawakuwahi kuwepo, sasa walikuwamo katika daftari la Wizara, chini ya nembo, kwa amri ya Waziri. Nikafungua ukurasa mpya.

Mheshimiwa Mtandika alininyang'anya kipaza sauti.

"Kuanzia sasa hivi," akapiga kelele, "ni kosa pia kusema hakifanani!"

Nyamizi akamgeukia, akauliza kwa upole, na kipaza sauti kikamsikia:

"Mheshimiwa, kwa hiyo kinafanana?"

Mtu mmoja akacheka. Kisha kumi. Kisha barabara nzima. Miaka kumi na tisa nilikuwa sijasikia kicheko mbele ya lango lile. Nyamizi naye alikuja kucheka mwisho, baada ya wenzake, kama kawaida yake.

Waziri alichomoa bastola ya mlinzi wake, akampiga. Risasi ya kwanza ilitoboa bandeji. Ya pili ilimpata kooni. Alianguka na kiti chake. Alikuwa amekwisha taja kila jina la milangoni isipokuwa la mlango wa thelathini na moja, ambalo nadhani alikuwa akiliweka la mwisho.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Askari wengine walifyatua risasi na wengine wakatupa bunduki, na umati ukawavamia wa pande zote mbili. Nilimwona Inspekta akikanyaga watu huku akiomba radhi. Waziri alikimbilia nyuma ya chuma akajibanza. Kipande kimoja cha juu, mlango mzima, kilikuwa kimelegezwa na siku tatu za nyundo. Kikamwangukia. Kilimkata hapa, chini ya kifua, na hakikumuua mara moja, akabaki akiita "Walinzi! Walinzi!" kwa sauti ambayo ilizidi kuwa ya mtoto. Naapa sikumwona aliyekisukuma kile chuma, ingawa nilikuwa karibu sana, karibu kiasi cha viganja vyangu kujaa kutu.

Redio ilitangaza jioni hiyo kuwa Mheshimiwa Waziri ameanguka ngazi.

*

Siku ya pili Inspekta Kasubi alinijia nyumbani, amefunga plasta kwenye nyusi.

"Ndugu yangu Hamdani, tafadhali, daftari."

Nikamjibu kwa maneno ambayo nimeyaandika zaidi ya mtu yeyote nchini. "Afande, baada ya uchunguzi wa kina, daftari halipo, na halikuwahi kuwepo."

Alitabasamu. Alikuwa akipenda kazi nzuri. Akanichukua, akaniweka mezani mbele ya jiliwa. Nilikaa siku nne. Sitasimulia yote. Alianza na mkono wa kulia, kwa kuwa alijua ndio wa kuandikia, na kwenye kona alikuwapo karani mpya, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Nilitoa sauti. Daftari sikulitoa.

Siku ya tano Waziri mpya aliapishwa, na hotuba yake ya kwanza ikaeleza kuwa tukio la Jumatatu halikutokea. Kwa kuwa halikutokea, haikuwezekana mtu kushikiliwa kwa ajili yake. Nikafunguliwa. Chuma kilikatwa vipande, kikabebwa, na mahali pake pakapandwa maua yanayofanana na maua.

Daftari nililitia kwenye kapu la mchicha siku ileile ya Jumatatu, katikati ya vurugu, na Bi Mwanaiddi akalifunika kwa mafungu ya mboga akaondoka nalo, anachechemea, mbele ya bunduki zote. Kabla ya kumpa niliongeza mistari miwili. Malongo Machibya, kibarua wa reli. Chini yake, Nyamizi Machibya, fundi.

Alinirudishia wiki iliyofuata, asubuhi, nikiwa barazani. Hajui kusoma. Akaketi mkekani, akaliweka mapajani mwangu.

"Nisomee wangu, baba."

Nikatafuta ukurasa. "Sikudhani Mwinjuma. Miaka ishirini na mbili. Mchukuzi sokoni."

Akatikisa kichwa. "Siyo."

"Siyo vipi, mama? Niliandika walivyosema watu."

"Watu walisema. Mwinjuma ni baba yake wa kambo, aliyemlea. Baba yake ni Kombo. Sikudhani Kombo. Mwenyewe alikuwa mkali sana kwa hilo, ukimwita Mwinjuma haitiki. Futa."

Nilimwonyesha mkono wangu wa kulia, jinsi ulivyokuwa.

"Una mwingine," akasema. "Mimi nitakushikia karatasi."

Akabana daftari kwa mkono wake mzima, mimi nikashika kalamu kwa kushoto. Ilinichukua muda mrefu. Herufi zilikuwa kubwa na zimepinda, kama za mtoto wa darasa la kwanza, na K ilinikimbia mara mbili. Mwandiko mbaya kuliko wote niliowahi kuandika. Alipoona nimemaliza akainama, akalitazama lile jina ambalo hakuweza kulisoma.

"Sasa ndiye?"

"Ndiye, mama."

Akaupuliza wino mpaka ukakauka. Kisha akainuka, akajifunga kanga vizuri, akatoka hadi barabarani ambako wanawake wengine walikuwa wamekaa ukutani kivulini, mstari mpaka kona, akamwita aliyefuata.